Nani Kasema Orki ni Mjinga?

"Unatoka wapi hasa?"

Niliuliza swali hilo Jumamosi moja jioni, sebuleni kwetu Sinza, Dar es Salaam. Nilikuwa mlinzi wa lango la mji usiokuwepo, na niliyemwuliza alikuwa nusu-orki, kiumbe asiyekuwepo. Mezani tulikuwa watano: mimi nikiendesha mchezo, wenzangu wanne wakicheza, sahani ya mihogo ya kukaanga katikati, dadu zimetapakaa kati ya vikombe vya chai. Mlinzi wangu nilimpenda. Nilimpa sauti nzito, nikamfanya azigeuzegeuze karatasi za nusu-orki kana kwamba zinanuka. Wengine watatu walipita langoni bila kuulizwa neno. Huyu mmoja nilimsimamisha, nikamwamuru avue viatu, kisha ahesabu mpaka kumi kwa lugha ya mji ili nisikie matamshi yake. Watu walicheka. Rafiki yangu aliyekuwa akimcheza nusu-orki naye alicheka kidogo, akahesabu, akapita.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Alituma ujumbe: "Kaka, leo mniache, nina kazi." Jumamosi ya pili nayo alikuwa na kazi. Baada ya ya tatu nilimfuata kwake, tukakaa barazani, tukazungumza mpira mpaka mpira ukaisha. Ndipo akasema, "Yule mlinzi wako namjua."

Rafiki yangu ni Muha wa Kasulu. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu sana, na mtu wa Kigoma akitoka kwao huweza kukuta kwamba utanzania wake, ambao sisi wengine tunauvaa bila kufikiri, kwake ni jambo la kuthibitisha. Alipokuwa chuoni aliteremshwa kwenye basi mara mbili akirudi kutoka likizo. Abiria wengine walibaki vitini. Yeye aliulizwa anatoka wapi hasa, babu yake aliitwa nani, mtendaji wa kijiji chao ni nani, kisha akaambiwa aseme sentensi fulani ili isikike kama Kiswahili chake ni cha huku au cha ng'ambo ya mpaka. Muda wote huo kitambulisho chake kilikuwa mkononi mwa muulizaji.

Mimi ni mtu wa pwani. Tangu nizaliwe hakuna aliyenishusha kwenye basi.

Nilianza kuomba radhi, akanikatiza. Hakuudhika kwamba nilimweka mlinzi mbaguzi langoni, alisema. Dunia ina walinzi wa namna hiyo, na mchezo usiokuwa nao angeuona wa kitoto. "Kilichoniudhi ni kwamba nilikwenda kusoma kitabu chako, nikakuta mlinzi yuko sahihi."

Sentensi hiyo imenifanya nivisome upya vitabu ambavyo nilidhani navijua.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu: Dungeons & Dragons ulitoka Marekani mwaka 1974, ukiwa kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, nao ndio mzazi wa michezo yote ya mezani ya kuigiza wahusika. Hauna ubao wa lazima wala mshindi. Mmoja husimulia ulimwengu na kuwasemea watu wake wote. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, aliyeandikwa kwenye karatasi kwa maneno na namba. Ukitaka kuruka mto au kumlaghai mlinzi, unarusha dadu yenye nyuso 20, unajumlisha namba ya mhusika wako, na mwendesha mchezo anasema kilichotokea. Kwa hiyo namba zile si mapambo. Ndizo sheria za maumbile za ulimwengu ule, kama uzito ulivyo kwetu.

Kwenye karatasi hiyo, kwa miaka 50, kulikuwa na mstari ambao kwa Kiingereza uliitwa kwa neno lile lile wanalotumia kugawa watu kwa rangi. Hapo unaandika kama mhusika wako ni mwanadamu, elfi, orki au nani. Januari 2023 wenye mchezo waliziweka kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni huria, yaani yeyote aweze kuzitumia na kuzitafsiri. Nami nikakaa kuzitafsiri kwa ajili ya meza yetu, na mstari ule ukanikwamisha siku tatu.

Niandike rangi? Waelfi na maorki hawatofautiani kwa rangi tu. Mbari? Wenzangu wangeniuliza maana yake. Kabila? Lilikaa vizuri mdomoni, hata nikaogopa: "Kabila: orki. Akili: pungufu." Hakuna Mtanzania anayeweza kusoma mistari hiyo miwili ikifuatana bila kusikia utani wa basini, ule unaoanza na "hawa wenzetu wa...". Baada ya hapo matatizo yalikuja kwa foleni. Elfi lilituchekesha tu, maana mmoja wetu alisoma elfu akauliza elfu ngapi. Lakini wale mafundi wafupi wenye ndevu, wakaao chini ya milima? Neno lililonijia mara moja ni mbilikimo. Ni neno la hadithi za watoto, na pia ni neno walilobandikwa watu halisi wa misitu ya Kongo na nchi za jirani, Wambuti, Watwa na wenzao. Watwa wa kusini-magharibi mwa Uganda waliondolewa kwenye misitu yao, na mwaka 1991 Bwindi na Mgahinga zikatangazwa kuwa hifadhi za taifa. Ningewezaje kuandika kwamba mbilikimo hupewa nyongeza mbili za ustahimilivu na hutembea polepole? Na nusu-orki, mtoto wa mwanadamu na orki: Kiswahili kinalo neno tayari, chotara, na kila anayelijua anajua pia jinsi linavyotamkwa.

Wakati ule niliona ni matatizo ya tafsiri. Sasa naona kwamba Kiswahili kilikuwa kinakisoma kitabu vizuri kuliko mimi. Kwa Kiingereza nilikuwa nimeizoea orodha ile kiasi cha kutoiona. Kwa lugha yangu kila neno lilikuja na watu wake.

Basi kitabu kinasemaje? Katika kanuni zile nilizotafsiri, mwanadamu anaongezewa moja katika kila sifa. Nusu-orki anaongezewa mbili za nguvu na moja ya ustahimilivu, na anazaliwa akiwa amefuzu kutisha watu, hata kama amelelewa na watawa. Maelezo ya tabia yanaongeza kwamba amerithi mwelekeo wa vurugu kutoka upande wa mzazi wake orki, na kwamba hana mvuto mkubwa kwa wema. Ukienda kwa orki mwenyewe, upande wa maadui, unakuta akili 7 wakati mwananchi wa kawaida ana 10, na mbele ya jina lake pameandikwa kwamba ni mtu wa vurugu na uovu. Nyuma zaidi palikuwa pabaya zaidi. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kilimkata nusu-orki haiba kwa alama mbili, na kiliweka jedwali zima la kuonyesha jamii ipi inaipenda, inaivumilia au inaichukia ipi. Kitabu cha viumbe cha mwaka 2016 kiliporuhusu wachezaji wacheze orki kamili, kilimpunguzia akili alama mbili kabla mchezaji hajampa hata jina.

Hapo ndipo ninapomwelewa rafiki yangu. Mlinzi akisema maorki ni wajinga na wakali, hayo ni maneno ya mlinzi. Mchezaji anaweza kumbishia, kumcheka, kumhonga, kumwaibisha mbele ya bosi wake. Uvumi una mdomo uliousema, na mdomo unaweza kujibiwa. Lakini kitabu kikiandika akili 7, mlinzi si mbaguzi tena. Ni mtu mwenye taarifa sahihi. Kumvua orki viatu langoni kunakuwa tahadhari ya busara. Na mchezaji wa nusu-orki anabaki na njia moja tu ya kuheshimika: awe yule wa pekee, asiyefanana na wenzake. Nadhani wengi wetu tumewahi kupewa sifa hiyo, "wewe si kama wale," na tunajua inavyoacha ladha mdomoni.

Historia ya huku kwetu imeshaonyesha namba zinavyougeuza uvumi kuwa kanuni. Nchini Rwanda, Wazungu waliwapima watu pua na mafuvu, wakaandika nani kazaliwa kutawala na nani kazaliwa kulima, na katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji ukaweka mstari wa kabila kwenye vitambulisho. Sisemi mchezo wa dadu ni sawa na hayo. Nasema mkono ulioandika mstari ule kwenye karatasi ya mhusika ulijifunza kuandika katika karne hiyo hiyo. Orki wa leo ametoka kwa J. R. R. Tolkien, na Tolkien, katika barua ya mwaka 1958, alieleza sura za maorki wake kwa kukusanya maumbo ambayo Wazungu wa zama zake waliyaona mabaya kwa watu wa Asia. Haki yake nayo apewe: alijua kwamba anaeleza jicho la Kizungu, na mpaka uzeeni swali la kama kiumbe mzima anaweza kuzaliwa asiyeokoka lilimsumbua. Waliomrithi waliuchukua uso, wakaliacha swali.

Wenye mchezo hawakukaa kimya, na hapa uhakiki unahitaji mizani. Juni 2020 kampuni ya Wizards of the Coast ilikiri hadharani kwamba maorki na waelfi weusi wameandikwa kwa namna inayofanana mno na jinsi watu halisi walivyodhalilishwa na wanavyodhalilishwa. Mwaka huo huo punguzo la akili la orki liliondolewa, na kitabu kilichotoka Novemba kikawaruhusu wachezaji kuhamisha nyongeza zao popote watakapo. Lakini mwaka 2022 kampuni hiyo hiyo ilitoa kitabu cha safari za angani chenye jamii inayofanana na nyani, iliyokamatwa na mchawi, ikapewa akili ili iuzwe kama jeshi la watumwa, kisha ikakombolewa na wanafunzi wa mchawi yule. Wasomaji walipiga kelele, kampuni ikaomba radhi na kuifuta historia hiyo. Nashangaa si kwa sababu watu wabaya waliiandika. Nashangaa kwa sababu hakuna aliyeisoma kwa sauti mbele ya mtu ambaye babu yake aliwahi kuuzwa.

Kisha likaja toleo la mwaka 2024. Neno la zamani limeondolewa, sasa wanatumia lile la wanabiolojia, ambalo kwetu ni spishi. Nyongeza za sifa zimetolewa kwenye damu, zikapelekwa kwenye maisha ya mhusika kabla ya safari zake. Orki sasa ni mmoja wa wahusika wa kawaida, na kitabu kipya cha viumbe, cha mwaka 2025, hakina tena ukurasa wa orki kama adui. Nilifurahi. Halafu nikatazama vizuri. Nusu-orki na nusu-elfi hawamo kwenye orodha. Yaani tatizo la neno chotara limetatuliwa kwa kumfuta chotara. Na kwenye malezi, mtoto wa kabaila anaweza kuongezewa nguvu, akili au haiba. Mkulima anaweza kuongezewa nguvu, ustahimilivu au hekima. Hekima anapewa, maana wazee wa shamba wana hekima kila mahali vitabuni. Akili hapana. Mwendesha mchezo anaweza kubadili hilo, lakini hivyo ndivyo kilivyochapwa, na mimi ni mjukuu wa mkulima wa mihogo aliyekuwa akipiga hesabu za mazao ya msimu mzima kichwani.

Sitaki kuonekana mtu asiyeridhika na lolote. Hatua hizi ni nzuri, na kijana anayeanza mchezo leo hatakutana na nilichokutana nacho. Shaka yangu ni juu ya wazo lililo chini yake, kwamba ukiondoa ubaguzi kitabuni umemaliza kazi. Mji ambao hakuna anayemwuliza orki anatoka wapi ni mji wa kupendeza kuutembelea. Rafiki yangu hakuomba kuishi huko. Alitaka lango liwepo, mlinzi awepo, na mlinzi awe mwongo.

Wapo wanaosema ni mchezo tu, maorki hawapo, nani anaumia? Nawajibu kwamba mimi niliyeendesha mchezo sikuwahi kumwona orki, lakini nilipotaka kumdhalilisha mmoja nilijua la kufanya papo hapo. Viatu, karatasi, matamshi. Sikuyabuni. Niliyachukua kwenye barabara zetu, nikampa mchezaji pekee mezani aliyekwisha kutendewa hayo. Wapo pia wanaotetea ukali kwa jina la uhalisia, nami nilikuwa wao. Lakini uhalisia wangu ulikuwa na mwiko wa ajabu: mlinzi alitukana kila mara, na wala sikuwahi kujiuliza analipwa na nani.

Mchezo ulionifunza kuuliza hivyo ni mdogo, unaitwa Dog Eat Dog, wa Liam Liwanag Burke. Unahusu ukoloni kwenye kisiwa cha Pasifiki. Kabla ya kuanza, wachezaji wanaamua nani kati yao, katika maisha ya kweli, ana pesa nyingi kuliko wengine, na huyo ndiye anayecheza wakoloni wote. Waliobaki ni wenyeji, kila mmoja na mtu wake mmoja. Kanuni ya kwanza wanaikuta imeshaandikwa: wenyeji ni duni kuliko wakoloni. Kila tukio likiisha wanapima nani ametii kanuni na nani amezivunja, kisha wenyeji wanaongeza kanuni mpya kutokana na walichojifunza kwa kuishi chini ya mkono ule.

Nilipousoma, nadharia yangu ilitikisika. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba ubaguzi ukae kwenye simulizi, usikae kwenye kanuni. Huu umeuweka kwenye kanuni, tena ya kwanza, na bado hakuna anayeweza kuucheza akaamini kwamba wenyeji ni duni kweli. Sababu ni kwamba kanuni ile ina mwenyewe. Unajua nani kaileta, unamwona akiisimamia, na huwezi kusahau kwamba pochi yake ndiyo nene kuliko zote mezani. Kwenye kitabu changu, akili 7 haikuwa na mwenyewe. Ilishuka tu, kama mvua.

Tangu hapo ninaposoma kitabu cha mchezo, naanza na swali hilo: hii kasema nani, na anapata nini? Kikijibu, nakiamini hata kikiwa kikali. Kisipojibu, nakitilia shaka hata kikiwa kipole.

Meza yetu tulilifanyia kazi swali hilo kwa vitendo. Kwanza tulikaa kikao bila dadu, kile ambacho wachezaji huita kikao cha sifuri, tukasema yapi hayatakuwepo kabisa na yapi yatatokea nyuma ya pazia bila kusimuliwa. Tuliweka pia kadi ya X katikati ya meza, ubunifu wa John Stavropoulos: ukiigusa, tukio linakatwa na hakuna anayekuuliza sababu. Ni vifaa vyema, ila nikiri kwamba Jumamosi ile visingetosha. Kadi ingekuwepo, rafiki yangu asingeigusa. Nani anataka kuwa yule aliyezima kicheko cha wote?

Kwa hiyo tulirudi kwenye ulimwengu wenyewe. Namba zote za damu tulizifuta. Mstari wa karatasi sasa unasema "Asili", na mchezaji anaujaza kwa sentensi yake. Kisha tukauliza kwa nini mji ule unawachukia maorki, na jibu tulilitunga pamoja: baraza la mji hutoza ada ya lango kwa "wageni wa mlimani", na theluthi ya ada hiyo inabaki mfukoni mwa mkuu wa walinzi. Maorki wamekuwa wakiuza chumvi mjini humo kabla ukuta haujajengwa. Ilibidi wawe wageni ili watozwe, na ilibidi wawe wajinga na wakali ili kuwatoza kuonekane ni haki. Ndani ya saa moja tulikuwa na mji wenye daftari la hesabu la kuibiwa, karani mwenye wasiwasi, na wazee wa chumvi wanaokumbuka. Kwa miezi sita niliyoendesha mchezo kabla ya hapo sikuwahi kupata mji wenye uhai namna hiyo.

Rafiki yangu alirudi kwa sharti moja. Jumamosi ya kwanza alitaka yeye awe mlinzi, mimi niwe na mhusika.

Nilitengeneza mwanadamu, mfanyabiashara wa vitambaa, mtu asiye na neno na mtu. Jua la mchezo lilikuwa linazama, foleni langoni ni ndefu. Rafiki yangu hakubadilisha sauti. Hakuwa mkali hata kidogo. Alivuta kiti karibu, akanitazama kwa upole wa mtu aliyechoka na kazi, akanyoosha mkono apokee karatasi. Alikuwa hajauliza chochote bado, nami nilikuwa nimeshaanza kueleza: nimezaliwa hapa, baba yangu ana duka mtaa wa pili, mwulize yeyote, jina la babu yangu ni...

"Taratibu," alisema. "Unatoka wapi hasa?"

Mezani hakuna aliyecheka. Nilitafuta jibu, na mkono wangu ukawa unaitafuta dadu.